Umeme Unaopotea Majengoni na Ubia wa Kuuokoa

Mnamo tarehe 10 Disemba, 2009 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme, na hali hiyo iliendelea hadi mwezi wa Machi, 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, mwezi wa Mei, 2008, kisiwa kilikuwa kimekaa takriban mwezi mzima katika kiza kutokana na hitilafu ya njia ile ile ya umeme wa chini ya bahari. Wakaazi wa mjini wanakumbuka zaidi ukosefu wa maji kuliko ukosefu wa taa, kwa kuwa visima vinavyoulisha mji hutegemea pampu, na pampu hutegemea umeme. Wenye uwezo walinunua majenereta, na wasio na uwezo walibeba ndoo.

Kebo iliyoharibika wakati huo ilitandazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba, ikiwa na uwezo wa megawati 45. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway, na Unguja ikapata kebo ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani. Hivyo basi, sehemu kubwa mno ya umeme unaowaka visiwani hununuliwa ng'ambo ya mkondo wa bahari na hupita katika njia chache zenye kikomo. Kila uniti inayopotea bure katika jengo la Serikali, hoteli au nyumba ya mtu imelipiwa safari hiyo, na imechukua nafasi ambayo ingeweza kuhudumia pampu ya maji au chumba cha upasuaji.

Somo hili linahusu namna ya kupunguza upotevu huo katika majengo, na hasa mpango ambao nchi kadhaa zimeutumia, yaani Serikali kushirikiana na kampuni binafsi ambazo hugharamia marekebisho na kujilipa kutokana na umeme uliookolewa. Mpango huo una faida kubwa. Pia una mitego, na afisa asiyeijua anaweza kuisainisha Serikali mkataba wa kulipia akiba isiyokuwapo.

Kwanza ifahamike umeme wa jengo unakwenda wapi. Katika hali ya hewa ya visiwani mlaji mkubwa wa ofisi na hoteli ni kiyoyozi. Kiyoyozi kimoja cha chumba, cha ukubwa wa kawaida, kinapofanya kazi kwa nguvu zake hutumia takriban kilowati moja, ilhali pangaboi hutumia takriban wati 70. Kwa maneno mengine, umeme wa kiyoyozi kimoja ungezungusha mapangaboi kumi na manne. Zaidi ya hayo, kiyoyozi cha pwani hakipoozi hewa tu, bali huikausha pia, na yale maji yanayotiririka katika mpira wa nje ya dirisha ni ushahidi wa kazi hiyo. Mlango unapoachwa wazi, unyevu wa bahari huingia upya na mashine huanza kazi yake tangu mwanzo. Ofisi yenye kiyoyozi na mlango uliozuiliwa kwa jiwe usijifunge ni sawa na mtungi unaotekewa maji huku umetoboka kitako.

Taa ni mlaji wa pili, na dawa yake ni nyepesi zaidi. Globu ya zamani ya wati 60 hugeuza sehemu ndogo tu ya umeme kuwa mwangaza na iliyobaki huwa joto, joto ambalo kiyoyozi hulipwa tena kuliondoa. Ikiwaka saa tano kila siku hutumia takriban uniti 110 kwa mwaka. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwangaza unaokaribiana na huo kwa uniti 16 hivi. Baada ya taa huja pampu za matangi, mafriji, na mashine za kuchemshia maji katika mahoteli. Ukaguzi wa jengo huanza kwa kuzihesabu hizo zote.

Hata hivyo, hesabu ya vifaa haitoshi ikiwa jengo lenyewe linakusanya joto. Hapa Mji Mkongwe una la kufundisha. Kuta za nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, aghalabu zikiwa na unene wa nusu mita au zaidi, hivyo jua la mchana huchukua saa nyingi kupenya hadi ndani. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, na wembamba huo husaidia upepo kuvuka kutoka dirisha hadi dirisha. Kati ya nyumba kuna ua unaotoa hewa ya moto juu, na vichochoro ni finyu kiasi cha kupeana kivuli. Chokaa nyeupe ya nje hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mafundi wa zamani hawakuwa na kipimajoto, lakini waliijua Kusi na Kaskazi, na walijua upande gani wa kufungua dirisha.

Majengo mengi ya baadaye yalijengwa kwa kuta nyembamba za matofali ya saruji, mapaa ya mabati yasiyo na dari ya maana, na vioo vipana visivyo na upenu. Visiwa hivi viko takriban nyuzi sita kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi kwa muda mwingi wa mwaka, na paa ndilo linalopokea pigo kubwa. Asubuhi na jioni jua huingia kwa ubavu, mashariki na magharibi, na upande huo kioo kitupu ni sawa na jiko. Paa likipakwa rangi nyeupe na kutiwa dari, na madirisha ya mashariki na magharibi yakipewa kivuli, chumba hupoa kabla ya swichi yoyote kuguswa.

Mpangilio huo wa kazi, yaani kivuli kwanza na mashine baadaye, ndio kiini cha jambo. Mfano unaojulikana sana ni wa Empire State Building, jengo la ghorofa 102 lililofunguliwa mjini New York mwaka 1931. Wenye jengo walipoamua kulifanyia matengenezo makubwa, mpango uliotangazwa mwaka 2009, mitambo yao ya kupoozea ilikuwa imechakaa na fikra ya kawaida ingekuwa kununua mipya na mikubwa zaidi. Badala yake madirisha yote 6,514 yalitolewa, vioo vile vile vikatengenezwa upya ndani ya jengo lenyewe ili vizuie joto, na kupunguza mahitaji huko kukawezesha mitambo ya zamani kukarabatiwa tu. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38 na kuokoa takriban dola milioni 4.4 kila mwaka. Kampuni ya Johnson Controls, iliyofanya sehemu kubwa ya kazi, iliweka dhamana: akiba isipofikia kiwango kilichoahidiwa, tofauti ingelipwa na kampuni. Ofisi inayonunua viyoyozi vikubwa kwa sababu jua linaingia dirishani imeanza kazi kwa mkia.

Dhamana ya namna hiyo si jambo jipya. Katika mwaka 1775 James Watt, fundi wa Scotland aliyeiboresha injini ya mvuke, aliingia ubia na Matthew Boulton, mfanyabiashara wa Birmingham. Wateja wao wakubwa walikuwa wenye migodi ya Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, ambako mashine za kuvuta maji zilitumia makaa mengi mno. Cornwall haikuwa na makaa yake. Iliyaleta kwa majahazi kutoka Wales, na kwa hiyo kila kikapu kilikuwa ghali, hali ambayo mkaazi wa visiwa ataielewa bila ya kuelezwa sana. Boulton na Watt walitaka malipo ya theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, ikilinganishwa na injini za aina ya zamani. Ili pasiwe na ubishi walifunga katika mashine kifaa cha kuhesabu mapigo, ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli. Ubishi ulikuja pamoja na hayo. Miaka ilipopita, wenye migodi waliisahau bei ya makaa ya zamani na wakaiona ile theluthi kuwa ni kodi ya bure, na katika miaka ya 1790 mambo yalifika mahakamani. Kisanduku kile chenye kufuli kina mafunzo mengi kuliko injini yenyewe.

Kwa wenyeji wa pwani muamala huu si mgeni kabisa. Wavuvi wanajua mgao wa chombo: gharama hutolewa kwanza, kisha mwenye chombo hupata fungu lake, nyavu hupata fungu, na mabaharia hupata lao. Katika ubia wa umeme Serikali huleta jengo, kampuni huleta mtaji na ufundi, na samaki wanaogawiwa ni uniti zisizotumika. Tofauti ni kwamba samaki huonekana ufukweni na kila mtu humhesabu kwa macho. Uniti isiyotumika haionekani. Hupatikana kwa kulinganisha matumizi ya leo na matumizi ambayo yangekuwapo, na hapo ndipo mkataba mzuri na mbaya hutengana.

Ichukuliwe ofisi ambayo kwa wastani wa miaka mitatu imetumia uniti 10,000 kwa mwezi. Kampuni inakagua jengo, inabadilisha taa, inatia dari na vivuli, inaweka viyoyozi vya kisasa kwa gharama yake, na inadhamini kuwa matumizi yatashuka kwa robo, yaani hadi uniti 7,500. Mkataba ni wa miaka saba, na kampuni inachukua sehemu nne kwa tano za thamani ya akiba iliyodhaminiwa. Basi kila mwezi thamani ya uniti 2,000 inakwenda kwa kampuni na ya uniti 500 inabaki Serikalini tangu mwezi wa kwanza, bila ya Serikali kutoa fedha za mtaji. Ikiwa matumizi yatakuwa uniti 8,500, kampuni itafidia uniti 1,000 zilizopungua katika ahadi. Mwaka wa nane vifaa ni vya Serikali na akiba yote ni ya Serikali. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini mikataba ya kweli hupangwa kwa sura hiyo.

Mji wa Berlin, Ujerumani, umeutumia mpango huu kwa muda mrefu. Baada ya nchi hiyo kuungana mwaka 1990, mji ulirithi majengo mengi yaliyochakaa huku hazina yake ikiwa na madeni. Wakala wa nishati wa mji huo ulianzishwa mwaka 1992, na mwaka 1996 ukaanza ubia wa kuokoa nishati katika majengo ya umma. Ubunifu wake mkubwa ulikuwa kutoyatoa majengo moja moja. Kampuni binafsi zote hupenda jengo kubwa lenye upotevu mwingi, na hakuna inayopenda skuli ndogo ya chekechea. Berlin iliyafunga majengo katika mafungu, mazuri na mabaya pamoja, ofisi, skuli na mabwawa ya kuogelea, na kampuni ikashindania fungu zima. Kwa njia hiyo zaidi ya majengo 1,300 yamefanyiwa kazi, na akiba imekuwa kwa wastani takriban robo ya matumizi. Ni kweli kwamba Berlin hupambana na baridi na visiwa hivi hupambana na joto, ila upotevu wa pesa ni ule ule. Fungu lenye wizara moja kubwa ya mjini pamoja na skuli na vituo vya afya vya shamba lingeweza kupata mshitiri, wakati vituo hivyo peke yake visingempata.

India imeonesha njia nyingine, ambayo si ya mkataba wa jengo bali ni ya kununua kwa wingi. Shirika la umma liitwalo EESL, lililoundwa mwaka 2009, lilikusanya mahitaji ya taa za LED ya nchi nzima na kuwaita watengenezaji binafsi washindane kwa zabuni. Bei iliyonunuliwa globu moja ilishuka kutoka takriban rupia 310 mwaka 2014 hadi karibu na rupia 38 miaka miwili hivi baadaye. Mpango wa UJALA, uliozinduliwa Januari, 2015, umegawa zaidi ya globu milioni 360, na mwananchi asiyekuwa na fedha taslimu aliweza kulipa kidogo kidogo katika bili yake ya umeme. Visiwa haviwezi kuagiza mamilioni, lakini skuli, hospitali na ofisi zote zikiagiza pamoja badala ya kila karani kwenda dukani na vocha yake, bei haitabaki ile ile.

Sasa mitego. Wa kwanza ni hesabu ya awali. Ofisi nyingi zenye mita za kulipia kabla huhifadhi risiti za ununuzi na kudhani kuwa ndizo kumbukumbu za matumizi. Risiti huonesha siku fedha zilipopatikana, si siku umeme ulipotumika. Idara iliyochelewa kupata fungu lake mwezi wa Juni itaonekana kama iliyobana matumizi. Kinachotakiwa ni kusoma mita yenyewe. Kadhalika yapo maeneo ambayo mita moja hulisha jengo la ofisi, ghala, nyumba ya mlinzi na duka la ushirika, na hapo hakuna kampuni wala afisa anayeweza kujua nani ameokoa nini mpaka ziwekwe mita ndogo.

Wa pili ni kalenda, na huu mikataba iliyonakiliwa kutoka nchi nyingine haiutaji. Katika mwezi wa Ramadhani saa za kazi Serikalini hupunguzwa na matumizi ya ofisi hushuka bila ya ufundi wa mtu yeyote. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo mfungo huhama. Kulinganisha mwezi wa Machi wa mwaka mmoja na Machi wa mwaka mwingine kunaweza kuipa kampuni zawadi ya Ramadhani, au kuinyima haki yake. Hata kulinganisha mwaka na mwaka kuna kasoro: mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza mapema Januari na nyingine ikiandama mwishoni mwa Disemba. Mkataba hauna budi kuieleza hesabu hiyo kwa maandishi, pamoja na marekebisho ya Kaskazi iliyokuwa kali kupita kiasi, jengo lililoongezwa ghorofa, na chumba kilichojazwa kompyuta.

Wa tatu uko ndani ya Serikali zenyewe, na umeonekana katika nchi nyingi. Umeme hulipwa katika matumizi mengineyo, na matengenezo ya jengo hutoka katika fungu la maendeleo. Mkuu wa idara anayeokoa robo ya umeme wake aghalabu hupunguziwa bajeti ya mwaka unaofuata kwa kiasi kile kile, na jirani yake aliyefanya israfu hupewa kama alivyozoea. Haishangazi kwamba wengi huchagua kuwa jirani. Mahali ambapo mpango umefaulu, idara iliruhusiwa kubakisha sehemu ya akiba kwa mahitaji yake, vitabu, dawa au samani, na kampuni ilihakikishiwa kwamba malipo yake hayatakatwa katikati ya mkataba kwa sababu fungu limekwisha. Bila ya mambo haya mawili wahandisi hodari watakuja, watapima, na wataondoka.

Iongezwe kwamba akiba haipatikani kwa kuwanyima watu haki yao. Friji ya chanjo haizimwi, wala wodi ya wazazi haiachwi gizani ili tarakimu zipendeze. Mkataba unapaswa kutaja kiwango cha mwangaza na joto la chumba kinachotakiwa kudumishwa, kwani kampuni inayolipwa kwa kupunguza uniti ina kishawishi cha kupunguza kila kitu.

Kwa upande wa wakaazi, tatizo la nyumba za kupanga halijapatiwa dawa nyepesi. Mwenye nyumba hununua kiyoyozi cha bei ya chini kabisa na mpangaji hulipa umeme wake kila mwezi, hivyo mwenye uwezo wa kubadilisha hana sababu na mwenye sababu hana uwezo. Wanaopanga wanaweza angalau kuuliza, kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, paa lina dari au halina, na chumba cha kulala kinatazama wapi. Wenye nyumba za Mji Mkongwe wanakumbushwa kwamba kubadilisha madirisha au kufunga mashine katika kuta za nje kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Katika nyumba hizo mara nyingi dirisha la mbao lililokarabatiwa likafunguka tena hupooza vizuri kuliko kioo kipya kisichofunguka.

Ofisi ambayo ingependa siku moja kuingia katika ubia wa aina hii ina kazi ambayo haihitaji kampuni wala fedha, nayo ni kuwa na daftari la mita. Kampuni makini huuliza kwanza kumbukumbu za miaka mitatu, na jengo lisilo nazo hulazimika kungoja, au kukubali makisio ya upande wa pili. Daftari liandikwe tarehe, saa, namba iliyosomwa, na jambo lolote lisilo la kawaida lililotokea mwezi huo, kama vile sikukuu, hitilafu ya umeme, au mkutano mkubwa. Mita isomwe siku ile ile ya kila mwezi, saa ile ile, na mtumishi aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa maandishi, na anapokwenda likizo ajulikane nani anayeshika nafasi yake.